Faili limekamatwa na antivairasi: uliache karantini, ulifute, ulitibu au ulirudishe?

Antivairasi ikikamata faili, kazi kubwa huwa imekwisha kabla hujauona ujumbe wake. Faili limeondolewa lilipokuwa, limefungiwa karantini, na kwenye kona ya skrini kimebaki kidirisha chenye vitufe viwili vitatu. Ukivitazama vitufe hivyo unaweza kudhani vina uzito sawa. Havina. Kimoja kinakuachia nafasi ya kubadili mawazo, kingine hakikuachii kabisa, na kingine kinaweza kukirudisha kirusi ndani kwa mkono wako mwenyewe.

Msimamo wangu nautaja mapema: kama huna sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja, acha faili karantini. Mengine yote katika ulinganisho huu ni kuhusu sababu hizo, maana zipo, na nyingine ni nzito.

| Hatua | Faili linakuwaje | Kurudi nyuma | Inafaa lini |
|---|---|---|---|
| Kuliacha karantini | Limesimbwa (limegeuzwa lisisomeke), haliwezi kuendeshwa | Inawezekana hadi muda wake uishe | Karibu kila mara |
| Kulifuta | Linaondoka, wala halipiti kapu la takataka | Haiwezekani | Unaweza kulipata tena kutoka chanzo safi, au hulihitaji |
| Kulitibu | Kirusi kinakatwa, mwili wa faili unabaki | Ikiwa antivairasi imetunza nakala ya awali | Hati zenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati). Mara chache, programu |
| Kulirudisha | Linarejea lilipokuwa likiwa zima | Likiwa na kirusi kweli, huenda umeshachelewa | Umethibitisha kwamba antivairasi imekosea |

Kuacha au kufuta

Wanaobonyeza kitufe cha kufuta mbio mbio huwa na hofu moja: "Si bado kirusi kimo ndani ya kompyuta yangu?" Kimo, lakini hakiwezi kufanya lolote. Chukua Microsoft Defender, ambayo huja na Windows yenyewe. Huyaweka mafaili yaliyokamatwa ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Quarantine, na huyaweka yakiwa yamesimbwa, kwa majina mengine yasiyofanana na yale ya mwanzo. Hata ukiingia kwenye folda hiyo ukabofya kila kitu, hakuna kitakachojiendesha. Antivairasi nyingi za kulipia nazo hufanya vivyo hivyo kwa namna zao.

Kwa hiyo kwa upande wa usalama, tofauti kati ya kuacha na kufuta ni ndogo mno. Kwa upande wa kuweza kurudi nyuma, tofauti ni kubwa. Na haja ya kurudi nyuma hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu antivairasi hukosea, zikiwemo zile kubwa. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee ilitoa sasisho lililolitazama svchost.exe, faili la msingi la Windows XP, kama kirusi. Kompyuta za maofisini na mahospitalini zikawa zinajizima na kujiwasha, nyingi zikapoteza mtandao. Mwaka 2008 AVG ilikuwa imefanya kosa la aina hiyo kwa user32.dll. Septemba 2012 Sophos iliyakamata mafaili yake yenyewe ya kusasisha, na waliopata tabu zaidi ni wale walioipangia ifute au ihamishe chochote itakachokishuku. Septemba 2022 zamu ikawa ya Defender: kila mtu akifungua Chrome anaambiwa ana kirusi kinachoitwa Hive.ZY, hadi Microsoft ilipotoa sasisho la kurekebisha.

Katika visa vya namna hii, aliyeacha vitu karantini alikuwa na mahali pa kuanzia. Aliyefuta alianza kutafuta diski ya Windows.

Lakini kuacha si kuhifadhi milele, na hapa ndipo wengi wanapoteza mafaili bila kujua. Karantini ni kufuta kulikocheleweshwa. Kwa mpangilio wa kawaida Defender hukaa na faili siku 90 kisha hulifuta yenyewe. Kaspersky hutunza nakala siku 30. Ukikamatiwa faili la hesabu za kikundi mwezi Januari ukasema utaliangalia baadaye, mwezi Mei utakuta hakuna cha kuangalia. Defender ina jambo jingine linalochanganya: ukurasa wake wa historia, ule ulioandikwa "Protection history", huonyesha matukio ya wiki mbili tu. Baada ya hapo tukio linatoweka kwenye orodha, mtu anadhani faili limekwenda, kumbe bado limo ndani. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa ruhusa za msimamizi, nenda kwenye folda ya C:\Program Files\Windows Defender, kisha andika:

MpCmdRun.exe -Restore -ListAll

Utaletewa orodha ya vyote vilivyomo karantini, na kila kitu kilikotolewa. Amri hiyo peke yake hairudishi kitu, inaorodhesha tu. Nimeiweka hapa kwa sababu vitufe vya kawaida havikufikishi huko, na mafundi wengi hawaizungumzii.

Kufuta kunafaa lini, basi? Pale ambapo faili lina mbadala. Kisakinishi cha programu ulichokitoa kwenye tovuti isiyojulikana: futa, nenda kakichukue upya kwa mwenye programu. Kiambatisho cha barua pepe kutoka kwa mtu usiyemfahamu, eti risiti ya malipo ambayo hukuyafanya: futa, hakuna utakachokikosa. Sababu ya nafasi kwenye diski haina nguvu sana, kwani mafaili haya kwa kawaida ni madogo.

Flashi tupu, na lawama zinazokwenda kwa asiyehusika

Hiki ni kisa cha stationery na vibanda vya kuprinti, na kinastahili kukaliwa zaidi kwa sababu ndicho kinachowafanya watu warudishe virusi kwa hiari yao.

Flashi imechomekwa kwenye kompyuta ya kibandani, imerudi nyumbani, antivairasi imepiga kelele, imekamata vitu kumi na kadhaa. Unaifungua flashi: tupu. Picha za harusi, barua za maombi ya kazi, taarifa ya field ya mtoto, hakuna hata kimoja. Mtu anahitimisha kwamba antivairasi imekula mafaili yake. Anakwenda karantini, anaona majina yale yale ya folda zake, anabonyeza "Restore" kwa vyote.

Kumbe alichokirudisha ni kirusi chenyewe. Virusi vya shotikati, kama vinavyoitwa mtaani, haviyagusi mafaili yako. Vinazificha folda zako kwa kuzipa sifa ya kufichwa na sifa ya mfumo, kisha vinaweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati inakufungulia folda halisi, kwa hiyo hushuku kitu, na papo hapo inaendesha skripti iliyofichwa pembeni, ambayo inahamia kwenye kompyuta na kusubiri flashi ijayo. Antivairasi inapopita inaziondoa shotikati na skripti. Folda halisi zinabaki pale pale, bado zimefichwa.

Ushahidi ni mwepesi kuupata. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, tazama sifa zake: ikiwa inasema nafasi iliyotumika ni gigabaiti tatu huku unaona patupu, vitu vyako vimo. Kisha kwenye Command Prompt, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*

Subiri kidogo, folda zitajitokeza. Kilichokamatwa kikae karantini, au kifutwe. Katika kisa hiki, sawa tu. Hapa kurudisha hakuna hoja yoyote.

Kutibu

Kitufe cha kutibu hakionekani kila mara, na watu hulalamika kwamba antivairasi yao ni dhaifu. Mara nyingi haina cha kutibu. Trojani (programu mbaya inayojifanya nzuri) na minyoo mingi (inayojisambaza yenyewe) ni faili zima lililoandikwa kwa nia mbaya. Ukiondoa kirusi hakibaki kitu. Tiba ina maana pale tu ambapo kirusi kimejipachika kwenye faili lililokuwa zima.

Aina ya kwanza ni programu zilizoambukizwa. Familia kama Sality, Virut, Neshta na Ramnit hujiambatisha kwenye mafaili ya .exe moja baada ya jingine hadi diski nzima inakuwa imeoza. Antivairasi nzuri zinaweza kukata kipande kilichoongezwa na kuirudisha programu ilivyokuwa. Kwa Neshta mara nyingi inafanikiwa. Virut ni habari nyingine: yenyewe hukosea wakati wa kuambukiza, ikaliharibu faili, kwa hiyo unaweza kutibu ukabaki na programu safi isiyofunguka. Ushauri wangu kwa programu ni kutoihangaikia tiba. Programu inapatikana tena, isakinishe upya. Na diski iliyokumbwa na Virut au Sality kwa mapana, okoa hati na picha, kisha sakinisha mfumo upya.

Aina ya pili ni hati, na hapa tiba ndiyo chaguo langu la kwanza. Virusi vya makro vipo tangu Concept ilipoanza kuenea kwenye hati za Word mwaka 1995, na Melissa ya Machi 1999 ilijaza barua pepe duniani kote. Makro hukaa sehemu yake ndani ya hati, maandishi yako sehemu yake. Antivairasi inaweza kuitoa makro ikaacha tasnifu yako, mihutasari ya vikao, au orodha ya wanachama wa VICOBA ikiwa salama. Kuifuta hati ya namna hiyo, ambayo haina nakala nyingine duniani, kwa sababu ya mistari michache ya makro, ni hasara ya bure.

Angalizo moja kwa watu wa Excel. Tiba haichagui makro mbaya na nzuri kila mara. Kama jedwali lako la mishahara lina makro ulizoandikiwa na mhasibu, linaweza kutoka hospitalini likiwa na namba zote lakini vitufe vyake havifanyi kazi. Hakikisha antivairasi imetunza nakala ya kabla ya tiba. Kaspersky hufanya hivyo yenyewe.

Kurudisha: swali la ushahidi

Anayetaka kurudisha faili hana budi kujibu kwanza faili hilo limetoka wapi. "Limo kwenye kompyuta yangu siku nyingi" si jibu. Sality hupenda hasa yaliyomo siku nyingi.

Anza na jina la kirusi, kwa sababu jina lina habari. Majina ya Microsoft huanza na aina: Trojan, Worm, Virus, Ransom, HackTool, PUA. Yakiishia na !ml, maana yake mashine imekisia kwa kufananisha sura na tabia za faili, haikulitambua faili lenyewe. Wacatac.B!ml ni maarufu kwa hilo: hukamata virusi vya kweli, na pia hukamata programu ndogo ndogo ambazo mwanafunzi wa kompyuta ameziandika jana usiku. Kama wewe ndiye mwanafunzi huyo na msimbo ni wako, rudisha kwa amani.

PUA ni programu isiyotakiwa: vipau vya ziada vya kivinjari, visakinishi vinavyokuja na programu nyingine usizoziomba. Si hatari kama trojani, lakini hazina sababu ya kurudishwa.

HackTool ndiyo inayoleta ubishi. Ukiona HackTool:Win32/AutoKMS, antivairasi haijakosea. Kuna mtu ameiwasha Windows au Office bila leseni, pengine fundi aliyekuuzia kompyuta. Utaambiwa "irudishe tu, hizo kelele ni za Microsoft kutaka hela." Nusu ya maneno hayo ni kweli, kwamba kifaa hicho si lazima kiibe nywila zako. Nusu nyingine haisemwi: kraki, yaani kifaa cha kuwasha programu bila leseni, ndiyo njia pendwa ya wasambazaji wa virusi, maana ndiyo programu pekee ambayo mtumiaji anakubali mwenyewe kuzima antivairasi ili aisakinishe. Familia ya STOP/Djvu, inayofunga mafaili kwa ajili ya fidia, imeenea zaidi kwa mlango huo. Mimi sirudishi kraki, na sioni hoja ya kumshauri mtu airudishe.

Ushahidi wa pili ni VirusTotal. Huduma hii ilianzia Uhispania mwaka 2004, Google wakainunua mwaka 2012, na hupima faili moja kwa antivairasi zaidi ya 70. Faili likiwa tayari karantini huwezi kulipandisha, lakini kama ulilitoa mtandaoni unaweza kubandika kiungo chake, au kutafuta kwa alama yake ya SHA-256, zile herufi na tarakimu 64 ambazo wenye programu wengi huziandika kwenye ukurasa wa kupakua. Kutafuta kwa alama kuna faida kubwa: hutumi faili kwa mtu yeyote. Kulipandisha faili lenyewe ni kulitoa kwa washirika wa VirusTotal, kwa hiyo mishahara ya wafanyakazi na majalada ya wagonjwa yasipelekwe huko hata siku moja.

Matokeo yasomwe kwa akili. Antivairasi mbili kati ya 70 zikilikamata kwa majina ya kukisia, na faili limetoka kwa mwenye programu anayefahamika, uwezekano wa kosa ni mkubwa. Arobaini zikilikamata kwa jina moja la familia, mjadala umefungwa. Katikati ya hapo, subiri siku moja au mbili, sasisha antivairasi, kisha tazama upya. Makosa mengi hurekebishwa na kampuni yenyewe haraka. Unaweza pia kuwapelekea malalamiko. Microsoft, Kaspersky, ESET, Avast na wengine wote hupokea mafaili ya kuchunguzwa bila malipo, na kwa faili la muhimu hiyo ni bora kuliko ushauri wa jirani.

Ukishaamua kurudisha, rudisha faili, usifungue mlango. Kuliweka faili moja kwenye orodha ya kuruhusiwa ni sawa. Kuiweka folda nzima ya vipakuliwa, au C: yote, kama ninavyoona kwenye kompyuta nyingi, ni kusema kwamba chochote kitakachoangukia humo kuanzia leo kisipekuliwe.

Pale kanuni inapopinduka

Nimesema kuacha karantini ni salama. Kuna mahali si kweli kabisa. ClamAV, inayotumika sana kwenye seva za Linux, haitibu kitu. Ukiipa --remove inafuta. Ukiipa --move inalihamisha faili kwenye folda uliyoitaja, basi. Hailisimbi. Karantini hiyo ni folda kama folda nyingine, na ikiwa iko ndani ya eneo linaloshirikishwa kwa kompyuta za Windows za ofisi, mtu anaweza kuingia akabofya. Huko chagua folda iliyo nje ya eneo la kushirikiana, inayosomwa na msimamizi peke yake, au futa.

Barua pepe za Thunderbird nazo zina mtego. Kwa kawaida folda nzima ya barua huwa faili moja. Kiambatisho kibovu kimoja kikiwa ndani ya kikasha, antivairasi inaweza kulichukua faili zima, na barua zako za miaka yote zikaenda karantini kwa pamoja. Ukiona kikasha kimekuwa kitupu ghafla, usifute kitu karantini. Hapa kurudisha ndiko sahihi: rudisha, ifute ile barua moja, kamilisha kwa kuibana folda (Compact) ili barua iliyofutwa itoke kweli kwenye faili. Kisha kwenye mipangilio ya faragha na usalama ya Thunderbird, ruhusu antivairasi ikamate barua moja moja zinapoingia.

Na kama umekumbwa na virusi vya fidia, hati zimebadilika viambishi tamati (zile herufi za mwisho wa jina, kama .docx) na hazifunguki, usikimbilie kusafisha karantini. Kumfuta mhalifu hakufungui mafaili. Faili la kirusi, lile tangazo la kudai pesa na hati moja iliyofungwa ndivyo vitu ambavyo wataalamu huvihitaji kuitambua familia yake. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na Intel Security, hutoa bure funguo za familia kadhaa. Ukipakia hati iliyofungwa na tangazo, unaambiwa kama ufunguo upo. Ambao haupo leo unaweza kupatikana baadaye, kwa hiyo mafaili yaliyofungwa yahifadhiwe kwenye diski ya pembeni.

Limebaki la mafundi. Ukibadili antivairasi, au fundi akisema dawa ni kupiga Windows upya, karantini inakwenda nayo. Mafaili yaliyosimbwa na antivairasi moja hayasomwi na nyingine. Kabla hujakabidhi kompyuta, fungua orodha ya karantini mwenyewe, angalia kama kuna hati yako ya kutibiwa au iliyokamatwa kimakosa, itoe na kuihifadhi kwenye flashi safi. Fundi atakuuliza unataka kuhifadhi nini kwenye Desktop na Documents. Karantini hataitaja.